Pete Iliyofunguka

Mimi hukata, Roswitha hukokotoa.
Ndivyo tulivyogawana kazi kwenye ghorofa ya chini ya ardhi,
Graz, nyuma ya hospitali, dirisha moja linalotazama
magurudumu ya baiskeli na viatu vya wapita njia.

Baba yangu alikuwa na bucha kule Leibnitz.
Nyama niliijua kwa vidole kabla ya kuijua kwa jina:
ipi itachanika, ipi itakataa,
ipi itakudanganya mpaka kisu kigeuke.
Roswitha ana shahada tatu na mafua yasiyoisha.
Huniita Bwana Strohmayer, nami humwita Daktari,
ingawa umri wake ni wa mjukuu.

Leo ni kipande namba kumi na nne.
Mwanamume, miaka sabini na mmoja. Zaidi ya hapo hatuambiwi.
Mshipa wake mkuu umelala kwenye maji ya chumvi,
nyuzijoto thelathini na saba, kana kwamba bado ana mwili wa kuupasha.
Nakata utepe: upana milimita nne, urefu ishirini.
Naubana kwenye meno ya mashine. Mashine inavuta.

Mwanzo hauna ubishi.
Utepe unakwenda, unakwenda, kama mgeni anayeitikia kila neno,
kwa kuwa nyuzi zake zimejikunja ndani, hazijasikia kitu.
Kisha mmoja unanyooka. Kisha wa pili.
Kisha zote, na mstari kwenye kioo, uliokuwa ukitambaa,
unasimama wima kama paka aliyekanyagwa mkia.
Wahenga walisema ngozi ivute ili maji.
Hawakusema kwamba ngozi nayo hufika mahali
ikaanza kuvuta upande wake.

“Tuchukulie,” Roswitha huanza hivyo kila asubuhi.
Tuchukulie nyuzi ni za aina mbili,
zimepishana kama vidole vya mtu anayesali.
Tuchukulie ujazo haupungui.
Tuchukulie kwamba, kabla ya kuguswa, mshipa hauna mzigo: sifuri.
Kila mlinganyo lazima uanzie mahali,
na wake ulianzia kwenye amani hiyo.

Wiki ya tatu sasa kompyuta imemgomea.
Namba zinakimbia, zinaparamiana, zinalipuka usiku wa manane,
naye anazisuta kwa Kijerumani kisichofundishwa shuleni.
Amebadili pembe. Amebadili hatua. Amebadili kahawa.

Saa kumi jioni nikamwambia, njoo uone.
Nilikuwa nimebakiza pete moja ya mshipa, haijavutwa,
imetulia kwenye sahani
kama pete ya ndoa iliyovuliwa kwa ajili ya kuosha vyombo.
Hakuna mashine. Hakuna uzito. Hakuna damu ya kuisukuma.
Nikaipitishia kisu mara moja tu.

Ikafunguka.

Polepole, ncha kwa ncha, zikaachana
kama watu waliochoka kushikana mikono.
Roswitha akaweka kipimapembe, akasahau kukisoma.
Miaka sabini na mmoja mshipa huu ulijibana wenyewe
ili damu ikija isiukute umelegea.
Hata ulipotulia, haukuwa umepumzika.

Buchani tulilijua hilo, ila hatukulipa jina.
Mama alipofariki, baba alifungua duka siku ya tatu,
akapima soseji, akarudisha chenji, akauliza hali za watoto wa watu.
Nikasema, mzee ni chuma.
Mwezi wa nne Bi Kreszentia alimgusa kiganja akimpa sarafu.
Alimgusa tu.
Baba akaketi kwenye kreti, aproni na damu yake yote,
na foleni ikasubiri mpaka mlangoni.

Haya nilimsimulia Roswitha nikiosha kisu.
Alikuwa amekwisha kuifuta sifuri yake.
Mahali pake aliandika pembe: mia na kumi na nane.
Kompyuta ikaanza upya, ikizunguka, haijasema ndiyo wala hapana.

Akapiga chafya.
“Bwana Strohmayer, alikaa pale muda gani?”
Sikupima, nikamjibu.
Akaandika kitu pembeni mwa daftari.
Kwa nilipokuwa, kilionekana kama alama ya kuuliza.